Mjomba, jin na toniki, na malaria ya Kilombero

Msomaji wa Ifakara ameniandikia hivi: "Shikamoo mfamasia. Mjomba wangu alihudumu kaunta kwenye hoteli za watalii kwa miaka mingi. Anasema jin na toniki ilibuniwa na wanajeshi wa Kiingereza kule India kama dawa ya malaria, ndiyo maana toniki ni chungu. Sasa amestaafu na analima mpunga huku Kilombero. Jioni hunywa glasi mbili na kusema amekwisha kujikinga. Chandarua hataki, na akipata homa anaongeza glasi. Je, kweli kinywaji hiki kilianza kama dawa? Na kinaweza kumkinga?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na mjomba. Historia inaweza kusubiri, malaria haisubiri.

Toniki ina kwinini, hilo mjomba hakukosea. Tatizo ni kiasi. Sheria ya Marekani, kwa mfano, inaruhusu kwinini isiyozidi miligramu 83 katika lita moja ya toniki. Mtu mzima aliyekuwa akitibiwa malaria kwa vidonge vya kwinini alimeza miligramu 600 kila baada ya saa 8, yaani miligramu 1,800 kwa siku, kwa siku 7. Glasi moja ya jin na toniki huwa na takribani mililita 150 za toniki, ambazo kwa kiwango hicho cha juu kabisa zina miligramu 12 hivi za kwinini. Ili mjomba apate dozi ya siku moja tu, angehitaji glasi zaidi ya 140. Ikiwa kila glasi ina mililita 50 za jin, hiyo ni lita 7 za kileo kikali. Pombe ingemuua asubuhi, kabla vimelea vya malaria havijajua kwamba kuna dawa iliyoingia mwilini.

Hata kwa kinga hesabu haikubali. Zamani Wazungu waliokaa Afrika walimeza grani 5 za kwinini kila siku, sawa na miligramu 324. Kwa toniki ya leo ni karibu lita 4 kila siku ya Mungu. Kwa hiyo homa ikimpata, aende kituo cha afya akapimwe, na ikionekana ni malaria apewe dawa mseto. Kwinini yenyewe, ambayo kwa vizazi viwili vitatu ndiyo iliyokuwa tegemeo letu wodini, imepisha njia. Utafiti mkubwa uliofanywa kwa watoto wa Afrika na kutangazwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba sindano ya artesunate huokoa maisha zaidi ya kwinini katika malaria kali, na Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo wake. Mimi ni wa kizazi kilichojifunza kazi kwa kwinini, nawakumbuka wagonjwa waliolalamika kwamba masikio yanavuma kama wameingia ndani ya mzinga wa nyuki. Sitaki mjomba wako aione glasi yake kuwa hospitali.

Sasa tuje kwenye asili ya kinywaji chenyewe, maana hapo mjomba ana nusu ya hadithi, na ile nusu nyingine ni tamu zaidi.

Hadithi aliyosimuliwa inasema kwamba wanajeshi walipewa kwinini, wakaona chungu kama shubiri, wakaongeza soda, sukari, ndimu na jin, na hapo kinywaji kikazaliwa. Inavutia kwa sababu inapanga mambo kwa mstari mmoja. Lakini vitu hivyo havikufika mezani kwa mstari mmoja. Kila kimoja kilikuja kwa njia yake, na kwa muda wao havikujuana.

Kwinini hutoka katika magome ya mti wa milima ya Andes, Amerika Kusini, ambao sisi tunauita mkwinini. Katika karne ya 17 Wajesuiti waliokuwa Peru waliyapeleka magome hayo Roma, mji ambao wakati huo ulisumbuliwa sana na homa za vipindi, yaani malaria, na dawa ikajulikana kama unga wa Wajesuiti. Kuna kisa cha mke wa mtawala wa Peru, Bibi wa Chinchón, eti aliponywa na magome hayo kisha akayapeleka Hispania. Mtaalamu wa mimea Linnaeus alikiamini, akaupa mti jina la Cinchona mwaka 1742, tena akiangusha herufi moja. Baadaye shajara ya ofisi ya mume wake iliposomwa ikaonekana mama yule hakutibiwa hivyo, na alifia njiani bila kufika Hispania. Nakitaja kisa hiki ili uone kwamba mti huu umezoea kuvishwa ngano, na jin na toniki si ya kwanza.

Hapa ndipo pombe inapoingia kwa mara ya kwanza, na haikuwa jin. Alikuwepo Mwingereza mmoja, Robert Talbor, aliyekuwa maarufu kwa kutibu homa. Waprotestanti wa Uingereza waliogopa unga wa Wajesuiti, wakidhani ni njama ya Wakatoliki. Talbor naye aliandika akiwaonya watu juu ya unga huo, huku dawa yake ya siri ikiponya kupita za wengine. Alimtibu Mfalme Charles II, akapewa cheo cha Sir, kisha akavuka Ufaransa kumtibu mwana wa Mfalme Louis XIV. Louis aliinunua siri hiyo kwa ahadi kwamba haitatangazwa hadi Talbor afe. Alipokufa mwaka 1681, siri ikatolewa: magome yale yale ya Wajesuiti, yaliyolowekwa ndani ya divai.

Talbor alidanganya watu kuhusu asili ya dawa, lakini katika ufamasia alikuwa sahihi. Viini vichungu vya magome huyeyuka vizuri zaidi kwenye kileo kuliko kwenye maji matupu. Waganga wetu wanaoloweka mizizi kwenye pombe wanalifahamu jambo hili kwa vitendo. Kwa hiyo mwenendo wa kunywa magome pamoja na pombe una umri wa karibu miaka 200 zaidi ya jin na toniki.

Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walifaulu kuitenga kwinini kutoka kwenye magome. Kuanzia hapo mganga aliweza kupima dozi, badala ya kubahatisha kwa unga ambao ubora wake ulitofautiana kutoka gunia hadi gunia. Ushahidi mkubwa wa kinga ulitoka kwetu Afrika. Mwaka 1854 meli iitwayo Pleiad, chini ya William Baikie, ilipanda mto Niger na Benue, na Wazungu waliokuwemo wakapewa kwinini kila siku. Safari kama hiyo ya mwaka 1841 ilikuwa imeua wengi mno kwa homa. Ya Baikie haikumuua hata mmoja. Livingstone naye alikuwa na vidonge vyake alivyochanganya kwinini na dawa za kulegeza tumbo, na sanduku lake la dawa lilipopotea mwaka 1867, wapagazi wawili walipotoroka nalo, aliandika kwamba alijiona kama aliyehukumiwa kifo. Miaka minne baadaye Stanley alimkuta Ujiji, amekwisha kudhoofika.

Angalia walivyoimeza. Livingstone alimeza kidonge. Mabaharia wa Kiingereza waliolinda pwani ya Afrika Magharibi walichanganyiwa kwinini na divai. Jin na soda havikuwemo. Mtu aliyetaka kujikinga kwa dhati aliimeza kwa kipimo, akakunja uso, akaendelea na safari.

Soda ilikuja kwa njia yake. Mwaka 1772 Joseph Priestley, mhubiri na mwanasayansi aliyewahi kuishi jirani na kiwanda cha bia mjini Leeds, alichapisha namna ya kuyatia maji gesi. Mtengeneza vito wa Geneva, Jacob Schweppe, akaifanya kazi hiyo kuwa biashara mwaka 1783, na baada ya miaka michache akahamia London. Watu walinunua maji ya gesi wakiamini ni tiba ya tumbo na figo. Ndani ya fikra hiyo ndipo, mwaka 1858, Erasmus Bond wa London alipoandikisha hataza (haki ya mvumbuzi) ya "kinywaji cha toniki chenye gesi", yaani soda yenye kwinini. Neno toniki lilimaanisha kitu cha kutia nguvu, kurudisha hamu ya kula, kuchangamsha mwili uliochoka. Kwa mtazamo wangu, hapa ndipo fundo lote linapofunguka. Toniki ilikuwa tayari ndani ya chupa, tayari ina sukari, tayari inauzwa kama kinywaji cha kujenga mwili, kabla mtu yeyote hajaitia jin. Hakuna mwanajeshi aliyelazimika kukaa na kidonge cha kwinini akikifikiria namna ya kukitia utamu. Kazi ya utamu ilifanyika kiwandani London.

Jin nitaipitia haraka. Asili yake ni jenever ya Uholanzi, kileo kikali kilichotiwa matunda ya mti wa juniperi. Waingereza wa karne ya 18 waliipenda hadi ikawaharibia mji wa London, Bunge likatunga sheria baada ya sheria kuizuia, mojawapo ikiwa ya mwaka 1751. Mtambo wa kukeneka wa Aeneas Coffey, uliopata hataza mwaka 1830, ndio uliowezesha jin kuwa safi na kavu, isiyohitaji sukari nyingi ya kuficha kasoro. Jin ya kabla ya hapo ingepigana na toniki.

Halafu kuna barafu, ambayo wasimuliaji wengi huisahau kabisa. Hebu jaribu kunywa toniki ya vuguvugu mchana wa Kilombero, utaelewa kwa nini naitaja. Mwaka 1833 mfanyabiashara wa Boston, Frederic Tudor, alipakia tani 180 za barafu iliyokatwa kwenye maziwa ya Marekani, akaipeleka Calcutta ikiwa imefunikwa vumbi la mbao. Baada ya miezi minne baharini, kama tani 100 zilifika zikiwa bado ngumu. Kuanzia hapo Waingereza wa India waliweza kunywa kitu cha baridi ndani ya joto.

Sasa vitu vyote viko India: jin, toniki ya Bond na waigaji wake, barafu, na ndimu ambazo huko zimejaa. Watafiti wa bustani ya mimea ya Kew waliochambua maandishi ya zamani walikuta jin na toniki ikitajwa kwa mara ya kwanza mwaka 1868, katika gazeti la michezo la Waingereza wa India, Oriental Sporting Magazine. Imetajwa wapi? Kwenye mbio za farasi. Mashindano yamekwisha, watu wana kiu, wanaagiza vinywaji, na kimojawapo ni jin na toniki. Hapakuwa na daktari wala mgonjwa pale.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni hili. Toniki ilizaliwa kama kinywaji cha afya. Jin na toniki ilizaliwa kama burudani. Schweppes walipotoa toniki yao katika miaka ya 1870 waliiita ya Kihindi, na jina hilo likawakumbusha walioishi koloni joto, homa na vidonge vyao. Polepole kumbukumbu ya kidonge na kumbukumbu ya glasi ya jioni zikaungana, na wajukuu wakapokea kitu kimoja. Simlaumu mjomba. Wahudumu wa kaunta duniani kote husimulia hivyo, na mgeni akisikia kwamba kileo chake ni dawa hufurahi. Nairobi kuna kokteli maarufu ya vodka, ndimu na asali inayoitwa Dawa, iliyofuata nyayo za kinywaji cha Brazil. Tofauti ni kwamba kila anayeagiza Dawa anajua anaagiza kileo.

Kuna sehemu ya hadithi hii ambayo husimuliwa kidogo kuliko inavyostahili, nayo ni miti yenyewe. Karne ya 19 ilipofika katikati, Waingereza na Waholanzi walitaka mikwinini yao wenyewe. Clements Markham aliongoza kazi ya kutoa mbegu na miche Andes mwaka 1860, ikapandwa milima ya Nilgiri, kusini mwa India. Lakini mbegu bora zaidi zilikusanywa na Manuel Incra Mamani, Mwaimara wa Bolivia aliyejua msituni kila mti kwa sura yake, akimfanyia kazi mfanyabiashara Charles Ledger. Mwaka 1865 mbegu hizo zilifika London, serikali ya Uingereza ikazikataa, Waholanzi wakanunua kiasi kidogo na kupanda Java. Magome ya miti hiyo yalikuwa na kwinini nyingi kupita aina nyingine zote, na kufikia miaka ya 1930 Java ilikuwa ikitoa zaidi ya asilimia 90 ya kwinini ya dunia. Mti uliitwa ledgeriana, kwa jina la Ledger. Mamani alikamatwa Bolivia kwa kutoa mbegu, akapigwa na kuteswa, akafa kwa majeraha. Kila nikisoma jina hilo la kisayansi huona kwamba amedhulumiwa mara mbili.

Nasi Tanzania tumo. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, mwaka 1902, na miongoni mwa walivyopanda ni mikwinini. Vita Kuu ya Kwanza ilipokata njia za baharini, Amani ilitengeneza vidonge vya kwinini kwa ajili ya jeshi la kamanda wao, von Lettow-Vorbeck. Baadaye, vifaa vilipowaishia wakiwa wanarudi kusini, walichemsha magome na kunywa maji yake. Askari waliyaita Lettow-Schnaps, kama vile ni kileo cha kamanda, ingawa yalikuwa magome na maji tu, na Lettow mwenyewe aliandika kwamba ladha yake ilikuwa mbaya mno. Mwambie mjomba kwamba hicho ndicho kinywaji cha kwinini kilichonywewa kweli kama dawa kwenye ardhi yetu. Hakikuwa na jin, ndimu wala barafu, na hakuna aliyekinywa kwa starehe.

Mwaka 1942 Wajapani waliteka Java, na nchi zilizopigana nao zikabaki bila chanzo chao kikubwa cha kwinini. Dawa za maabara, baadaye klorokwini hasa, zikashika nafasi yake. Baada ya vita kwinini ya kwenye toniki ikabaki kuwa ladha, uchungu wa kukata utamu. Jin nayo ikapitwa na vodka, ikaonekana kinywaji cha wazee, na toniki nyingi za kiwandani zikawa sukari yenye uchungu hafifu.

Ilifufuliwa na watu wa sehemu mbalimbali. Wahispania, hasa wapishi wa nchi ya Wabaski, waliizoea baada ya kazi katika glasi pana yenye tumbo, barafu kubwa na toniki nyingi, na glasi hiyo ikaenea duniani. Mwaka 2005 kampuni ya Fever-Tree ilitoa toniki iliyotengenezwa kwa uangalifu, na kwinini yake inatoka mashariki mwa Kongo. Mwaka 2009 kampuni ya Sipsmith ilianza kukeneka jin kwa mtambo mdogo London, na wengine wengi wakafuata. Nairobi kuna Procera, jin inayotumia matunda ya mtarakwa, juniperi ya milima yetu, mti ambao wengi tuliujua kwa nguzo za ua tu.

Kivu, huko mashariki mwa Kongo, ndipo moyo wangu unapotua. Wabelgiji walipanda mikwinini kuzunguka Bukavu, na hadi leo eneo hilo ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya kwinini duniani. Wanaobandua magome yale wanazungumza Kiswahili. Mtu anayefungua toniki ya bei kubwa London au Madrid anaonja uchungu uliokaushwa juani na wasemaji wa lugha unayosoma sasa, na jina lao haliandikwi kwenye lebo.

Ukitaka kuiona kwinini kwa macho, peleka glasi ya toniki kwenye duka lenye taa ya kukagulia noti bandia, iweke chini ya taa hiyo ya urujuanimno mahali penye giza. Itang'aa rangi ya buluu. Mwonyeshe mjomba, atafurahi, kisha umkumbushe kwamba mng'ao huo huonekana hata kwa kwinini kidogo sana isiyoweza kutibu mtu.

Jambo jingine la kumwambia, na hili ni la mfamasia: hata kiasi kidogo cha kwinini kimewahi kuwashusha baadhi ya watu chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda. Akiona madoa ya zambarau kwenye ngozi au fizi zikitoa damu bila sababu baada ya kunywa toniki, aache mara moja na aende hospitali. Mama mjamzito asiinywe, na kileo chenyewe anajua hakimfai.

Kama hana homa na hakuna dawa inayomkataza pombe, simnyimi glasi yake moja ya jioni. Atie barafu nyingi hadi juu, jin sehemu moja, toniki ya baridi sehemu tatu akiimimina taratibu ubavuni mwa glasi ili gesi isitoke, na kipande cha ndimu alichokikamua kidogo. Anywe kabla giza halijaingia, mbu wanapoanza kuamka, na chandarua kiwe kimekwisha kuchomekwa chini ya godoro kabla hajaketi.